Kuongeza Jambo Jipya Katika Ukurasa Uliokwisha Funguka
Mhadhara kwa walimu na vijana wa Mbinga



Jambo nililoombwa kulizungumza ni dogo kwa umbo, nalo ni namna ukurasa wa intaneti, ukiwa umekwisha funguka mbele ya macho ya msomaji, unavyoweza kuongezewa maneno, safu ya jedwali au picha pasipo kufungwa na kufunguliwa upya, na hasa namna kazi hiyo inavyofanywa kwa msaada wa maktaba ya programu iitwayo jQuery. Ningaliweza kulimaliza kwa robo saa na kuwaachieni amri tatu nne za kunakili, walakini tungalikuwa tumelipunja, kwani ndani yake mna masuala ya gharama, ya uaminifu na ya usalama ambayo yanatugusa sisi wa milimani na wenzetu wa ufuko wa Ziwa Nyasa kuliko yanavyowagusa wale ambao mtandao kwao haukatiki.

Nitashika mfano mmoja na kwenda nao. Tuseme chama cha msingi cha ushirika katika mojawapo ya kata za Umatengo kinataka kuwa na ukurasa wa bei ya kahawa. Mkulima wa hapa amezoea tangu zamani kuuza zao lake kwa bei inayoamuliwa mbali. Kwa miaka mingi mnada uliendeshwa Moshi, yalipo makao ya Bodi ya Kahawa Tanzania, na kutoka Mbinga hadi Moshi ni safari isiyokwisha kwa siku moja. Habari za mnada zilimfikia kwa redio, kwa simu ya katibu wa chama, au kwa chaki iliyoandikwa ubaoni mlangoni pa ghala, tena aghalabu zilimfikia zikiwa zimepitwa na wakati. Leo karani wa chama anazipata mapema, na mkulima ana simu mkononi. Lililobaki ni kwamba bei iliyotoka sasa hivi ionekane sasa hivi katika ukurasa ambao mkulima ameufungua tangu asubuhi.

Kurasa za kwanza za intaneti, alizozibuni Mwingereza Tim Berners-Lee akiwa katika taasisi ya CERN, Geneva, mwanzoni mwa miaka ya 1990, hazikuweza hilo. Zilikuwa nyaraka kamili: seva hutuma waraka mzima, kivinjari huuonyesha, na biashara yao huishia hapo, hata kwamba neno moja likibadilika sharti msomaji auombe waraka wote tena. Mfano ulio hai wa mtindo huo mnaujua nyote, nao ni kurasa za matokeo za Baraza la Mitihani la Tanzania, ambamo kila shule ina ukurasa wake, na ndani ya ukurasa mna jedwali la namba za watahiniwa na madaraja yao, basi. Wako vijana wa mijini wanaozicheka kurasa hizo kwa kukosa madoido, nami sikubaliani nao hata kidogo. Matokeo yakishatoka hayabadiliki kila saa, na ukurasa mwepesi usio na hila hufunguka katika kila simu, hata ile ya mzazi wa Lituhi aliyeirithi kwa mwanawe. Chombo kimelingana na kazi yake.

Bei ya kahawa si hivyo. Ikiwa mkulima atalazimika kuufungua upya ukurasa mzima kila apatapo shaka, basi hata kama picha na nembo zimekwisha hifadhiwa ndani ya simu yake, waraka wenyewe utashushwa wote tena, na atalipa kwa bando lake kwa ajili ya tarakimu nne tu. Fauka ya hayo kuna hali ya nchi yetu. Mawimbi ya minara ya simu hupenda kwenda moja kwa moja, nayo ardhi ya hapa haiendi moja kwa moja popote: unatoka katika migongo ya milima ya Umatengo, unashuka kwa makona mengi hadi Mbamba Bay, ambako maji ya Nyasa yako kiasi cha mita 475 tu juu ya usawa wa bahari, na kila bonde lina kivuli chake cha mtandao. Nyaya kubwa za chini ya bahari zilifika Dar es Salaam tangu mwaka 2009, na mkongo wa taifa umesambaa baada yake, illa hatua ile ya mwisho, kutoka mnara hadi kiganja cha mkulima aliye ng'ambo ya mlima, ndiyo inayoamua kama ukurasa utafunguka au utazunguka tu. Katika mazingira kama haya, kuomba kile kilicho kipya peke yake ni hikima, seuze kwa mtu anayenunua bando la siku moja moja.

Uwezo huo ulipatikana kwa vipande, na kwa watu waliokuwa wakishindana zaidi ya kushauriana. Mwaka 1995 kampuni ya Netscape ilimtaka Brendan Eich aunde lugha ya kuamrisha mambo ndani ya kivinjari, naye akaiunda sura yake ya kwanza kwa siku kumi. Ndiyo hii JavaScript, na baadhi ya kasoro zake mpaka leo zinatoa harufu ya haraka ile. Mwaka 1998 shirika la W3C, linalosimamia kanuni za kurasa za intaneti, likatoa kanuni ya kwanza ya namna programu inavyoruhusiwa kuzifikia na kuzigeuza sehemu za waraka. Mwaka uliofuata Microsoft, kwa haja zao za barua pepe, wakatia ndani ya Internet Explorer chombo cha kuiomba seva data chinichini wakati msomaji akiendelea kusoma. Chombo hicho kilikaa karibu kimesahauliwa hadi Gmail ilipotokea mwaka 2004 na ramani za Google mwaka 2005, watu wakashangaa kuona ramani inaburutwa na vipande vipya vinajileta vyenyewe. Na mwaka huo wa 2005 Jesse James Garrett akaupa mtindo huo jina la Ajax.

Ugumu uliobaki ulikuwa wa vivinjari. Amri iliyotiiwa katika kimoja ilikaidiwa katika kingine, na mwandishi wa programu alilazimika kuandika jambo lile lile mara mbili au tatu akiuliza kila mara, je, huyu ni nani ninayesema naye? Mwaka 2006 kijana Mmarekani, John Resig, akaitoa jQuery, maktaba iliyoyabeba matatizo hayo ndani yake ili mwandishi atoe amri moja fupi na yenyewe ijue namna ya kuifikisha kwa kila kivinjari, akaitoa kwa leseni huru ambayo humruhusu mtu yeyote kuitumia pasipo malipo. Kwa maoni yangu leseni hiyo ilikuwa na taathira sawa na ustadi wake, maana ndiyo iliyoiwezesha kufika Nairobi na Dar es Salaam bila kupitia mfukoni mwa mtu.

Na Nairobi ilifika mapema. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, nchi ilipoingia katika machafuko na habari za kuaminika zikawa adimu, kikundi cha Waafrika Mashariki na marafiki zao, miongoni mwao Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia, walijenga mnamo Januari 2008 tovuti ya Ushahidi, ambamo mwananchi aliweza kutuma habari ya tukio kwa mtandao au kwa ujumbe wa simu, nalo likaonekana mahali pake katika ramani. Programu yake baadaye iligawiwa bure kwa ulimwengu, na ndani ya toleo hilo jQuery ilikuwa ikifanya kazi. Ninaitaja kwa sababu mbili: kwanza, ili kijana wa hapa asidhani kwamba ilimu hii ni ya watu wa mbali, pili, kwa sababu walioijenga walikumbana mapema na swali nitakalolifikia punde, la nani aaminiwe anapotaka kuongeza neno katika ukurasa wa watu wote.

Basi na tuingie katika kazi yenyewe. Kivinjari kinapoupokea waraka hakiuhifadhi kama mkondo wa maneno, bali huupanga kuwa mti: shina lake ni waraka wenyewe, matawi yake makubwa ni kichwa na mwili, na katika mwili hutoka matawi madogo, kama vile jedwali, na katika jedwali safu, na katika safu vyumba vyenye maandishi. Mkulima wa kahawa anao mwanzo mzuri wa kuyaelewa haya kuliko mwanafunzi wa mjini, kwa kuwa amewaona mabwana shamba, au wataalamu wa kituo cha utafiti cha Ugano hapa wilayani, wakibebesha kikonyo cha aina mpya juu ya shina la mbuni wa zamani. Anayebebesha haung'oi mti. Huchagua shina, huamua mahali hasa pa kuchanja, huandaa kikonyo chake kikiwa bado mkononi, kisha hukiingiza kwa pigo moja, na tangu hapo maji ya shina hupanda ndani ya kikonyo kana kwamba kilizaliwa pale.

jQuery hufanya mambo hayo mawili, kuchagua na kuingiza, wala hakuna la tatu lenye uzito katika mada yetu. Kuchagua hufanywa kwa alama: ukiipa jina la kitambulisho cha jedwali lako, tuseme *bei*, itakwenda kulitafuta katika mti wote na kukushikisha. Kuingiza kuna njia nne zilizo mashuhuri: *append* huweka kitu kipya ndani ya tawi ulilolishika, mwishoni mwake, *prepend* ndani yake, mwanzoni, *before* nje yake, kabla yake, na *after* nje yake, baada yake. Wanaoanza huzichanganya njia hizi, kisha wakaona safu imetokea chini ya jedwali badala ya ndani yake, nao husema mashine ni mbaya. Kwa ukurasa wetu wa bei nitashauri *prepend*, kwa sababu mkulima anataka kuiona bei ya leo juu, asitembeze kidole kupita minada ya msimu mzima mpaka aifikie.

Kuna siri moja hapa ambayo vitabu vingi hupita nayo mbio. Ukiishika safu ambayo tayari imo katika ukurasa, kisha ukaamuru iingizwe mahali pengine, haitazaliwa ya pili, itahama. Kitu kimoja hakiwezi kukaa katika matawi mawili ya mti mmoja. Ukitaka ibaki hapa na ionekane kule, sharti kwanza uinakili kwa amri ya *clone*.

Kadhalika kuna jambo la kurudiarudia, nalo ndilo linalowaharibia wengi kazi. Ukurasa wetu utaiuliza seva, kila baada ya muda uliowekwa, kama kuna bei mpya. Seva ikijibu kwa kuleta bei zote za juma, na programu ikaziingiza zote bila kuuliza, baada ya saa moja mkulima atakuwa na jedwali lenye mnada mmoja ulioandikwa mara nyingi, naye atakuwa na haki ya kudhani chama kimeingiwa na wazimu. Dawa yake ni kuipa kila bei namba yake isiyofanana na nyingine, na kila safu inayoingia ichukue namba hiyo kuwa kitambulisho chake, ili programu kabla ya kuingiza itazame kama safu yenye namba ile imekwisha kuwapo. Ikiwapo, isahihishwe pale pale ilipo. Vizuri zaidi ni kuieleza seva namba ya mwisho tuliyo nayo, ilete yaliyo baada yake tu. Hapo ndipo ile akiba ya bando tuliyoisifu inapopatikana kweli.

Sasa tuseme kila safu ina kitufe ambacho mkulima akikibonyeza huonyeshwa mchanganuo: ushuru, makato ya chama, na kinachomfikia mkononi. Mwandishi wa programu, ukurasa unapofunguka, huamuru kwamba vitufe vyote vya jedwali vikibonyezwa mchanganuo uonyeshwe; navyo vinatii. Saa sita mchana inaingia safu mpya, ina kitufe kilicho sawa na vingine kwa kila hali, mkulima anabonyeza, na hakuna kinachotokea. Sababu ni kwamba amri ilitolewa kwa vitufe vilivyokuwapo asubuhi, kimoja kimoja, wala haikusema neno juu ya vitakavyokuja. Namna ya kulitatua ni nzuri hata kwa kuitazama tu. Tukio la kubonyeza, katika kivinjari, haliishii kwenye kitufe. Hupanda kutoka tawi hadi tawi kuelekea shinani. Kwa hiyo amri hupewa jedwali, ambalo lilikuwapo tangu mwanzo na litaendelea kuwapo, nalo husikiliza kila bonyezo linalopanda kutoka ndani yake na kuuliza lilianzia wapi. Tangu toleo la 1.7, lililotoka mwaka 2011, kazi hiyo hufanywa kwa amri ya *on*, iliyoziweka kando zile za kabla yake zilizokuwa nzito na zenye kutatiza. Kijana akinionyesha kwamba ameelewa hili, mimi humhesabu kuwa amekwisha vuka kizingiti, hata kama mengine hajui.

Nafika kwenye lile swali la uaminifu. Tukiwaruhusu wakulima waandike maoni yao chini ya bei, tutakuwa tumewaruhusu watu tusiowajua watie vitu katika mti wetu. Wengi wataandika malalamiko ya makato, na wana haki. Lakini atakuja mmoja ambaye badala ya maoni ataandika kipande cha msimbo, yaani amri za programu. Na ukurasa wetu, ukikipokea na kukiingiza kama ulivyozoea kuingiza safu, utakitekeleza ndani ya simu ya kila msomaji, kwa jina la chama. Mambo haya si ya kuwaza tu. Oktoba 2005 kijana wa Marekani, Samy Kamkar, alitia msimbo wa namna hiyo katika ukurasa wake wa MySpace, ukajinakili wenyewe kwa kila aliyeufungua, na kabla siku moja haijaisha ulikuwa umeenea katika kurasa zaidi ya milioni moja. Yeye alifanya kwa mzaha, ingawa mahakama haikucheka. Mwizi angaliweza kuiba.

Kinga ya kwanza ni nyepesi hata inasikitisha kwamba watu huisahau. jQuery ina amri mbili zilizo karibu kwa sura na zilizo mbali kwa hukumu: *html*, ambayo huyachukua maneno na kuyasoma kama sehemu za waraka, na *text*, ambayo huyachukua maneno na kuyaonyesha kama maneno. Lolote lililoandikwa na mkono usioujua liingie kwa *text*, na yule mwovu ataona msimbo wake umeonyeshwa hadharani kama maandishi ya kipuuzi, usidhuru mtu. Tena hapa jQuery yahitaji hadhari zaidi kuliko kivinjari kikiwa peke yake, kwa kuwa amri zake za kuingiza, zikikuta msimbo ndani ya maneno ziliyopewa, huutafuta na kuutekeleza. Na hata wenye maktaba walilazimika mwaka 2020, katika toleo la 3.5, kuziba nyufa zilizokuwa katika njia hizo hizo. Anayetumia toleo la kale lililokaa katika seva tangu alipolinakili mara ya kwanza, na aliangalie. Ama kuhusu ukweli wa maoni yenyewe, kama ni habari au ni uzushi, hilo programu haiwezi kuliamua. Ushahidi walilijibu kwa kuweka watu wa kuhakiki taarifa, na chama nacho sharti kiwe na karani wa kuyapitia.

Kuhusu wepesi nitasema machache. jQuery yenyewe ina uzito: matoleo ya sasa, yakibanwa, ni kiasi cha kilobaiti 30, na mtu asiitie katika ukurasa kwa ajili ya kuongeza mstari mmoja. Safu zikiwa nyingi, ziandaliwe kwanza zote kando, ziingizwe kwa mara moja, kwa kuwa kila uingizaji huweza kukilazimisha kivinjari kupanga upya ukurasa, na simu ya bei nafuu hupepesuka. Na kwa msomaji asiyeona, ambaye simu yake humsomea kwa sauti, nyongeza inayoingia kimya ni sawa na isiyokuwapo, hivyo sehemu ya bei ipewe alama ya *aria-live*, ili simu yake imtangazie kilichoingia.

Zito zaidi ni hili: bei za mwisho zilizojulikana ziwe zimeandikwa ndani ya waraka wenyewe tangu seva ilipoutuma, na programu ije baadaye kuongeza. Wako waandishi wanaotuma ukurasa mtupu, wakitumaini maktaba itaushusha uhai wote baada ya sekunde mbili. Mtandao ukikatika katikati, jambo ambalo mtu wa Liuli kule ufukoni hahitaji kufafanuliwa, msomaji hubaki na kichwa cha habari na weupe chini yake. Mimi nauona mtindo huo kuwa ni ukosefu wa adabu kwa msomaji, hata kama ni wa kisasa. Fauka ya hayo, kila bei iandikwe na siku na saa yake, na maombi kwa seva yakishindwa ukurasa useme wazi kwamba haujapata habari tangu saa fulani. Kwani bei ya juzi iliyovaa sura ya bei ya leo yaweza kumfanya mtu auze kwa hasara kwa mlanguzi aliyesimama mlangoni.

Hatimaye huniuliza vijana kama jQuery bado ina faida, ilhali wenzao waliosoma Dar es Salaam wanawaambia imezeeka. Ni kweli kwamba vivinjari vya leo vimekubaliana kwa sehemu kubwa, na mengi yaliyokuwa ya jQuery yamekuwa ya JavaScript yenyewe: kuchagua kwa alama, kuomba data, hata *append* na *prepend* kwa majina hayo hayo. Ni kweli pia kwamba tangu mwaka 2013 kuna React, iliyotolewa na Facebook, ambayo njia yake ni nyingine kabisa: mwandishi hueleza ukurasa uwe na sura gani, nayo ikatafuta yenyewe ni matawi yapi yabadilishwe. Lakini kurasa zilizokwisha andikwa kwa jQuery ni nyingi mno ulimwenguni, na WordPress, ambayo tovuti nyingi za shule, parokia na halmashauri zimejengwa juu yake, huja nayo ndani. Atakayepata kazi ya kutengeneza tovuti katika mkoa wa Ruvuma, siku yake ya kwanza atakutana nayo. Rai yangu ni kwamba mwanafunzi aanze na JavaScript tupu, aongeze safu moja katika jedwali kwa mkono wake, aone mti unavyobadilika. Kisha asome jQuery kwa ajili ya kazi za watu atakazozikuta. Na hizo nyingine za kisasa azisome siku atakapokuwa na ukurasa mkubwa kiasi cha kuzihitaji, ambao kwa chama chenye minada michache kwa mwezi, sidhani kama atauona karibuni.